Mpima Macho wa Chumbageni

Neno la kwanza aliloniambia lilinivua nguo mbele za watu. Nilikuwa bi harusi, nimeletwa Chumbageni kutoka Kigombe hata mwezi haujapita, na siku hiyo wanawake wa mtaa tulikuwa tukienda msibani. Nilijitanda kanga ambayo mwenye duka aliniapia kuwa ni nyeusi. Tukapita mbele ya baraza moja ambapo mzee mrefu, mwenye kanzu nyeupe kama ganda la yai, alikaa na tasbihi yake. Nikamwamkia shikamoo. Badala ya kuitikia, akanitazama kutoka utosini hadi miguuni.

"Nani kakwambia hiyo ni nyeusi?"

"Si nyeusi, mzee?"

"Damu ya mzee hiyo, imekolezwa tu. Toka hapo kivulini usimame juani, wenzio waone."

Nikatoka kivulini, maana nililelewa kutii watu wazima. Jua likaipiga kanga, na ule weusi ukafunguka, ndani yake mkatokea wekundu kama wa ini. Wenzangu wakacheka wakiwa wameziba midomo, nao njiani kwenda kulia. Nikaingia msibani nimevaa nyekundu, na yeye akarudi kwenye tasbihi yake.

Huyo alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta, karibu miaka ya hamsini yote. Jina alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia. Watu wa reli walimwita Mpima Macho, na sisi majirani tukafuata.

Kazi yake ilikuwa katika chumba kidogo cha dawa karibu na karakana ya garimoshi, chini ya daktari Mzungu aliyekuja na kwenda. Kila aliyetaka kupanda kichwa cha garimoshi, awe mtia makaa au dereva, na kila aliyetaka kushika bendera pale stesheni, alipita kwanza mikononi mwake. Mume wangu alikuwa mtia makaa, na macho yao yalipimwa upya kila baada ya muda. Yeye ndiye aliyenieleza mambo ya chumba kile.

Mezani kulitandikwa kitambaa cheupe, karibu na dirisha lisiloingiza jua. Juu ya kitambaa Mpima Macho alimwaga kikapu cha vishada vya nyuzi za sufu, vya rangi za kila namna: nyekundu, zambarau, samawati, rangi ya samli, rangi ya udongo, na vingine vimepauka hata hujui uviite nini. Kisha alikupa kishada kimoja, tuseme cha kijani kile cha jani la mgomba linapofunguka, akakwambia utoe vyote vinavyofanana nacho, viwe vimekolea zaidi au vimepauka zaidi. Ukifungua mdomo kusema hii ni kijani na hii ni buluu, alikukata kauli.

"Sikukuita uje kunitajia majina. Hata kasuku anataja. Nitolee."

Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa ya haki. Vijana walikuja kutoka Usambara, kutoka Bondei, wengine kutoka mbali zaidi kufuata kazi za mkonge, kila mmoja na majina ya rangi ya kwao, na wapo ambao kwao buluu na kijani ni neno moja. Ungewapima kwa majina ungewafukuza bure, na macho yao ni mazima. Mwenye jicho zima, hata asipojua jina hata moja, mkono wake unakwenda panapotakiwa. Mwenye jicho bovu, hata akijua majina yote, mkono unamsaliti. Anachukua kijivu, anachukua rangi ya udongo, anachukua waridi iliyopauka, anaviweka pamoja na kijani, kisha anainua uso akingoja kusifiwa.

Hapo ndipo Mpima Macho alipofurahi. Angeweza kumwambia mtu kwa upole kwamba hafai, akamwacha aende zake. Yeye alifungua mlango, akawaita waliokuwa wakisubiri nje kwenye benchi.

"Njooni muione bustani ya bwana huyu."

Wakaingia, wakatazama, wakacheka, maana kila mmoja aliogopa kuwa zamu yake ndiyo inayofuata.

Nyumbani aliyapenda mambo hayo vilevile. Jioni moja kabla ya magharibi nilipitisha sahani ya futari kwa mkewe, naye akanisimamisha ukumbini. Alikuwa ametundika kitambaa chekundu ukutani, ukuta uliopakwa chokaa. Akaniambia nikikazie macho bila kupepesa. Nikakikazia mpaka machozi yakanitoka. Kwa ghafla akakivuta kitambaa.

"Unaona nini ukutani?"

"Kijani, mzee. Kipande cha kijani."

"Kipo?"

Nikagusa ukuta. "Hakipo."

"Basi usije ukaniapia tena kwamba umeona kitu kwa macho yako."

Akanieleza, na kuhusu rangi alieleza vizuri kuliko mtu yeyote niliyepata kumsikia. Alisema rangi haikai kwenye kitu. Kitu kinapokea mwanga, kinameza sehemu na kutema sehemu, na kile kinachotemwa ndicho kinachoingia jichoni, na jicho nalo linaongeza yake. Jicho likichoka na nyekundu, linakuonyesha kijani kisichokuwepo. Ukiweka uzi wa kijivu katikati ya nyekundu, kijivu kitaonekana kimeingia ukijani. Taa ya mafuta ina manjano nyingi na buluu kidogo, kwa hiyo usiku buluu hufa. Nilimsikiliza huku sahani inapoa. Nilitoka pale nikimchukia na kumstaajabia kwa pamoja, na hali hiyo haikunitoka kwa miaka.

Mambo ya taa yalitupata sisi wanawake wa mtaa. Tulikuwa na harusi, tukaenda Ngamiani kununua sare. Kitambaa cha zambarau kikatuishia katika duka moja, tukapata kingine duka la pili, na kwa kuwa magharibi ilikuwa imeshaingia tukavilinganisha chini ya taa ya karabai. Vilikuwa sawasawa. Mpima Macho alikuwa dukani mle akinunua kahawa. Akavitazama vitambaa, akatutazama sisi, akatabasamu, akatoka. Siku ya harusi tulipotoka uani saa sita ya mchana, nusu yetu tulikuwa na zambarau inayokwenda kwenye wekundu na nusu zambarau inayokwenda kwenye ubuluu, kama watu wa harusi mbili zilizogongana. Watu wa upande wa bwana harusi walitucheka hadi jioni.

Rafiki yangu mmoja, mwenye mdomo, alimfuata barazani kwake. "Mzee, ulikuwepo dukani. Uliona. Mbona hukutuambia?"

"Hamkuniuliza," akasema.

Ningependa kusema kuwa hakuwa na jema, lakini ningekuwa nasema uongo. Watoto wenye macho mabaya, yale ya usaha na kope kugandana, waliletwa barazani kwake asubuhi kabla hajaenda kazini. Alichemsha maji mwenyewe, akachovya pamba, akafungua kope zile taratibu, akimnong'oneza mtoto maneno ambayo mkubwa hakuyapata kuyasikia kutoka kwake. Hakumfukuza yeyote, awe wa Kiislamu au wa misheni. Mwanangu wa kwanza, Zuhura, aliponea mikononi mwake. Siku alipopona nilimpelekea mkate wa kumimina kumshukuru. Akaupokea, akasema, "Macho yake mazima sasa. Pua ndiyo hatuwezi kuifanya kitu."

Na ulimi ule uliotuchana sisi haukuwahi kumgusa Mzungu. Nyumbani alituchekesha kwa mambo ya hospitali, jinsi kulivyo na mlango wa weupe na mlango wa weusi, na kwamba amekaa pale miaka mingi na hajamwona mweupe hata mmoja aliyepita. Wote ni waridi iliyochanganyika na samli, na wakati wa joto wanakuwa kamba waliochemshwa. Tulicheka. Lakini mume wangu alimwona mbele ya daktari yule, mikono nyuma, kichwa chini, kila neno "ndiyo bwana". Daktari aliwahi kumwambia kijana wa Kibondei kuwa macho ya watu wa porini hayajakomaa kwa rangi. Mpima Macho alijua kuwa huo ni upuuzi. Akajibu ndiyo bwana.

Mkewe tulimwita Mama Salehe. Mwanamke mfupi, mkimya, mwenye mikono myepesi kwa mapishi. Kanga zake zote alichaguliwa na mumewe, na kwa kweli hakuna mwanamke Chumbageni aliyependeza kama yeye. Aliniambia siku moja tukichambua mchele kwamba tangu aolewe hajapata kuingia dukani na kusema nataka ile. Walikuwa na watoto wawili. Salehe, kijana wa miaka ishirini hivi, alikuwa akisafisha injini pale karakana, na Mwanaidi, mdogo wake, alikuwa rika moja nami kasoro kidogo, rafiki yangu.

Salehe alipenda garimoshi kama wengine wanavyopenda mpira. Akiwa uani alikuwa akimwiga dereva anavyotoa mlio wa kuondoka, Mwanaidi anacheka. Ikafika siku akaomba kupandishwa kuwa mtia makaa, na kwa hiyo apimwe macho. Watu wa karakana walidhani Mpima Macho angemwachia mtu mwingine kazi ya kumpima mwanawe. Alikataa. Mume wangu alikuwa pale kwa kipimo chake mwenyewe, kwa hiyo hili si la kusimuliwa na mpita njia.

Salehe alipewa kishada cha kijani. Akakaa nacho muda mrefu. Kisha akaanza kutoa: kijani kimoja, halafu kijivu, halafu rangi ya udongo, halafu waridi. Alivipanga vizuri juu ya kitambaa cheupe. Mume wangu, aliyekuwa mlangoni, alisema uso wa mzee ulikufa. Akadhani sasa ataufunga mlango.

Mzee akaufungua wazi.

"Njooni," akawaita watu wa benchi, "muione bustani ya mwanangu."

Wakaja, lakini safari hii hawakucheka. Hapo Mpima Macho akachukua bendera mbili zilizosimama pembeni, akampa Salehe zote mbili.

"Garimoshi linakuja, na relini kuna mtoto amelala. Inua ya kulisimamisha."

Salehe akazitazama bendera. Akamtazama baba yake. Akainua ya kijani.

"Mtoto amekufa," akasema mzee. "Nenda nyumbani."

Mume wangu alisema jambo ambalo sijalisahau. Alisema, "Mzee alikuwa sahihi. Mimi nisingepanda injini moja na Salehe. Lakini kusema kweli siku ile nilitamani kumpiga teke."

Nyumbani nikayasikia mengine kwa masikio yangu, kwa kuwa ukuta ule wa udongo haukuzuia neno. Mzee alimwuliza mkewe, "Ulijua?"

"Nilijua," akasema Mama Salehe. "Tangu mdogo. Nilimtuma akachume nyanya mbivu, akaniletea mbichi. Nikamfundisha kuzibonyeza na kuzinusa. Hakupata tabu tena."

"Ukanificha mimi. Mimi!"

"Ulikaa naye miaka yote nyumba moja. Hukuona."

Sauti ya mzee ikatoka, tulivu, sauti ile ya kueleza. "Kilema hiki hakitoki kwa baba. Mwana wa kiume anakipata kwa mama yake, na mama anaweza kukibeba na macho yake yakawa mazima. Kimetoka kwenu. Marehemu baba yako alikuja kwenye harusi yetu amevaa makubadhi mawili, moja nyekundu moja ya kijani. Nikadhani ni umaskini. Kumbe alikuwa ananionyesha anachoniuzia."

Jioni ya siku ya pili alirudi na pilipili za sokoni, nyekundu na za kijani. Alizichagua mwenyewe, zote ngumu, zote saizi moja, ili kubonyeza na kunusa kusimsaidie mtu. Akazichanganya kwenye ungo, akamkalisha Salehe barazani, saa ile watu wanapotoka msikitini baada ya alasiri.

"Zitenge."

Salehe akaanza kuzitenga, mwanamume mzima mwenye ndevu. Watu walipita, wakaangalia, wakaangalia kando. Mzee alikaa kitini nyuma yake na kila alipokosea alisema "hapana", basi, bila kupandisha sauti. Salehe akajifuta jasho kwa mkono ule ule ulioshika pilipili, macho yakamwaka moto, akaendelea kutenga huku machozi yanamdondoka na kamasi, hawezi tena kuona hata ungo wenyewe. Mama Salehe akatoka ndani. Akauchukua ungo akaumwaga chini.

"Okota," akasema mumewe.

Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu. Nilimwona akichutama, akaziokota zote, na alipokuwa akiziokota alizitenga, nyekundu upande huu, za kijani upande ule, haraka, kwa mikono ile myepesi. Alipomaliza alimsukumia mumewe ungo miguuni, akamshika mwanawe mkono akamwingiza ndani kumwosha macho. Kabla ya Ijumaa Salehe alikuwa ameshapanda lori la kwenda Mombasa. Hakuaga isipokuwa mama yake.

Mwaka uliofuata ikaja posa ya Mwanaidi. Kijana mwenyewe alikuwa karani wa Pangani, mpole, na walikuwa wameshaonana kwa siri ya heshima, nikijua mimi. Akaja mshenga na mjomba wa kijana. Mimi na Mwanaidi tulikuwa nyuma ya pazia na sinia la kahawa na haluwa, tukisubiri kuitwa. Mazungumzo yakaenda vizuri, watu wanasifiana koo. Kisha tukasikia sauti tulivu.

"Kabla hatujafika mbali, kuna jambo mlijue. Mwanangu wa kiume haoni rangi. Kilema hicho amekirithi kwa mama yake. Huyu binti huenda amebeba na huenda hakubeba, hakuna wa kuliona hilo kwa nje. Kama amebeba, wanawe wa kiume, mmoja huenda akawa mzima, mwingine kipofu wa rangi."

Mshenga akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. "Lakini mzee, macho ya binti si mazima?"

"Mazima kabisa. Hapo ndipo ubaya ulipo. Hutajua mpaka wajukuu wazaliwe."

Wakanywa kahawa, wakasema watarudi. Hawakurudi. Pangani yote ikajua kwamba Chumbageni kuna nyumba yenye kilema cha damu, na maneno yakikaa njiani hunenepa. Yalipofika Muheza walikuwa wanasema binti mwenyewe ana kifafa.

Jioni ile Mwanaidi alisimama mbele ya baba yake. Mimi nilibaki kwa sababu alinishika mkono hakuniachia.

"Baba, ungenyamaza tu."

"Nikinyamaza nimewadanganya."

"Wale kina mama wa sare hawakukuuliza, ukanyamaza. Hawa hawakukuuliza, ukasema. Kumbe shida si uongo wala kweli. Wewe unaangalia tu lipi litaumiza."

Mzee akanyoosha mkono akaizima redio, ingawa ilikuwa inasema kwa sauti ya chini. Mwanaidi hakuposwa tena. Alianza kufundisha watoto wa kike kudarizi, na akawa mwanamke wa makamo kabla ya wakati wake.

Ikapita miaka michache. Mpima Macho akaacha kazi kwa umri, akabaki barazani. Na hapo taratibu tukaona jambo. Alikuwa anauita mlango wangu wa samawati kuwa wa kijani. Alibishana na muuza samaki kuwa changu ni wa kijivu. Alimimina chai nje ya kikombe. Mtoto wa jicho alikuwa ameingia, macho yote mawili, lakini aliingia kidogo kidogo kama jioni inavyoingia chumbani, na yeye aliyekaa ndani hakujua kuwa kumekuwa giza. Hakuna aliyemwambia. Kwanza tulimwogopa. Baadaye, nasema ukweli wa mtaa wetu, watu walikuwa wanafurahi.

Kanzu zake alizifua Mama Salehe, siku zote. Ijumaa moja nilimwona mzee anakwenda msikitini na kanzu yake ina rangi ya maziwa yaliyokaa. Nikadhani ni uzee wa nguo. Ijumaa nyingine ikawa rangi ya samli. Halafu ndizi. Siku nilipokwenda kuomba chumvi nikamkuta Mama Salehe uani, beseni mbele yake, kinu cha manjano pembeni, anachovya kanzu na kuigeuza, anachovya na kuigeuza, hana haraka.

"Mama Salehe," nikamwambia, "unafanya nini?"

"Nafua nguo za mume wangu."

"Zinakuwa manjano."

"Zina rangi gani, mwenye macho ni yeye. Mwulize." Akaikamua kanzu. "Kila wiki naongeza kijiko. Nataka nione atafika wapi."

Hakutabasamu aliposema. Alikuwa na uso ule ule wa kuchambua mchele.

Akafika mbali. Mtu aliyewahi kutambua wekundu ndani ya weusi alivuka Chumbageni kila Ijumaa amevaa nguo kama embe dodo, kifua mbele, mkongojo mkononi. Watoto walinong'ona, "Biriani inapita!" Wazee wenzake msikitini walitazama mikeka. Imamu, nasikia, alitaka kumwambia, akazuiwa na watu wengine, na sababu waliyompa siijui. Na yeye bado aliwasimamisha vijana njiani kuwaambia mashati yao yamefubaa.

Mwanaidi ndiye aliyeharibu. Hakujua kuvumilia kama mama yake. Daktari wa macho alipokuja katika hospitali ya serikali, alimchukua baba yake akampeleka, akakaa naye huko, wakampasua jicho moja. Mzee akarudi na miwani minene iliyomkuza jicho likawa kama la samaki.

Ilikuwa asubuhi, nami nilikuwa naanika. Ukuta wa uani ni mfupi, nikamwona anaingia. Kamba yao ilikuwa imejaa kanzu. Alisimama mbele yake. Mama Salehe akatoka jikoni, akasimama pia, mikono imening'inia. Mzee akaanza kuzitoa kanzu kambani moja moja, akazipanga juu ya jamvi: ya maziwa mwanzo, kisha ya samli, kisha ya ndizi, mpaka ya mwisho iliyokolea. Akabadilisha mbili zilizokaribiana, akazitazama kwa karibu, akazirudisha. Alipomaliza akavua aliyovaa, aliyotoka nayo hospitali, nyeupe, akavaa ile ya mwisho. Akachukua mkongojo akatoka.

Tulidhani ni wazimu wa kuaibika. Haukuwa wazimu. Tangu siku hiyo alivaa manjano kila siku, si Ijumaa tu, na kila aliyethubutu kumwuliza alipata jibu kwa sauti ya kufika mbali: "Mke wangu ndiye aliyenivika hivi nilipokuwa kipofu. Mwulizeni yeye." Alisema sokoni, alisema msikitini, alisema stesheni mbele ya abiria. Mama Salehe akaanza kutazamwa visimani na misibani. Wale wale waliocheka biriani sasa walisema mwanamke gani huyu, kumdhalilisha mume mgonjwa. Akaacha kwenda kisimani. Akaacha kwenda misibani. Mwishowe akaacha kutoka kabisa.

Mara ya mwisho kuzungumza na mzee ilikuwa Ngamiani, karibu na wauza vitambaa. Mume wangu alikuwa amehamishiwa Korogwe, tulikuwa tunafunga vyombo. Nikamwamkia, na safari hii akaitikia marahaba. Alikuwa anatazama moshi wa mchoma mahindi.

"Unaona ule moshi una rangi gani?" akaniuliza.

"Kijivu, mzee."

"Mimi naona buluu. Tangu wanitoe ule mtoto wa jicho naona buluu ambayo sikuwahi kuiona nikiwa kijana. Kivuli cha maziwa kwenye bakuli kina buluu. Kucha zangu zina buluu." Alizungumza kama mtu anayesimulia ndoto. "Ule ukungu ulikuwa wa manjano, unajua. Mtu anayetazama kwa kioo cha manjano haioni manjano. Mke wangu hakusoma popote, lakini aliichagua rangi pekee ambayo nisingeiona."

Nikaona hapo ndipo pa kupenyeza neno. "Mzee, zivue hizi nguo. Mama Salehe hatoki nje. Hali chakula. Umeshalipiza."

"Mimi nimevaa nguo tu."

"Basi mwiteni Salehe arudi, mama yake awe na mtu wa kumwangalia."

Jicho lile kubwa likanigeukia nyuma ya kioo.

"Salehe haoni nyekundu na kijani," akasema. "Manjano anaiona sawa na wewe. Angekuwepo nyumbani, angeniambia siku ya kwanza."

"Angekuambia," nikasema.

Midomo yake ikacheza. Akatokea muuza kanga mmoja, mgeni wa pale, akauliza kwa heshima, mzee wetu, kanzu hii ni ya wafuasi wa tarika gani? Na Mpima Macho akajinyoosha, akavuta pumzi, akalitoa jibu lake lote, kwa sauti ile ile ya kufika mbali.

Nikapita nyumbani kwao kuaga. Mlango haukufunguliwa, ila nikamsikia Mama Salehe amesimama nyuma yake, karibu kiasi cha kusikia pumzi.

"Umemwona?" akaniuliza. "Amevaa ipi?"

"Ya manjano."

"Majuzi nilizifua zote," akasema. "Kwa sabuni ya mche. Manjano ikigusa sabuni inakuwa nyekundu, beseni zima likawa kama nimechinja. Nikazisuuza, nikazianika juani siku baada ya siku mpaka jua likaila rangi. Zikarudi nyeupe, mwanangu, nyeupe kabisa. Nikamkunjia."

"Sasa?"

"Akatwanga manjano. Akaweka maji. Akachovya mwenyewe, moja moja, anatoa anaangalia dirishani, anarudisha. Na kaipata. Rangi ile ile."